Namna ya kuchagua kamera za rimoti za kurushia ibada mubashara

Kamati ikikaa kuzungumzia kamera, swali la kwanza huwa "ni ya 4K?" na la pili "bei gani?" Yote mawili yanaweza kusubiri. Kamera ya PTZ, yaani ile inayogeuka kushoto na kulia, kuinama, kuinuka na kuvuta picha kwa rimoti, huchaguliwa na jengo lenu kwanza, kisha na kijana atakayekaa kuiendesha. Kuhusu 4K, yaani picha yenye nukta mara nne ya zile za 1080p, waumini wengi wanafuatilia ibada kwenye simu, tena kwa bando. Haitawafikia. Picha safi ya 1080p inatosha, na kama intaneti yenu ni ya kubahatisha hata 720p inatosha.

Naandika nikiwaza kanisa la kawaida: madhabahu mbele, kwaya pembeni, meza ya mitambo nyuma au kwenye roshani. Kabla ya kwenda dukani, chukueni tepu ya kupimia na karatasi.

Hatua ya 1: Pima umbali, kisha piga hesabu ya zumu

Pima kutoka pale kamera itakapofungwa hadi mimbarini, siyo kutoka mlangoni hadi ukuta wa mbele. Pima pia hadi kwenye kwaya.

Sasa soma boksi la kamera. Kinachohesabika ni zumu ya lenzi, mara nyingi 12x, 20x au 30x. Ukiona boksi limeandikwa 240x, ujue wamezidisha zumu ya lenzi kwa zumu ya kidijitali, ambayo kazi yake ni kukata kipande cha picha na kukikuza mpaka uso wa mchungaji uwe ukungu. Achana na namba hiyo.

Kamera nyingi za daraja hili zina kihisi (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) cha inchi 1/2.8. Kwa hizo, ukivuta zumu mpaka mwisho, upana wa eneo litakaloonekana unaupata kwa kuzidisha umbali: kwa 0.12 kama kamera ni ya 12x, kwa 0.06 kama ni ya 20x, kwa 0.04 kama ni ya 30x. Kumpata mhubiri kuanzia kiunoni kwenda juu unahitaji upana wa kama mita 1.8. Maana yake 12x inakufikisha mita 15, 20x mita 30, na 30x mita 45.

Chukua kanisa ambalo kamera iko mita 24 kutoka mimbarini. Kamera ya 12x itakupa upana wa mita 2.9 hivi: mhubiri, mimbari, maua, na nusu ya mzee wa kanisa aliyekaa nyuma yake. Ya 20x itakupa mita 1.4, kifua na uso, na bado unaweza kurudi nyuma kidogo. Tofauti hiyo mtazamaji anaiona kuliko tofauti yoyote ya 4K.

Lakini usikimbilie 30x kwa sababu tu namba ni kubwa. Kamera ya 12x huona upana wa nyuzi 72 hivi ikiwa haijavutwa, wakati za 20x na 30x nyingi huona nyuzi 60. Kwenye kanisa dogo, kamera ikiwa mita 6 kutoka kwenye kwaya, hiyo ndiyo tofauti ya kuwaona waimbaji wote au kuwakata sauti ya nne na waimbaji wa mwisho pembeni. Halafu zumu ndefu hukuza na mtikisiko: kamera iliyofungwa kwenye dari la jipsamu itatetemeka kila besi ikipigwa.

Hatua ya 2: Hakikisha ni kamera ya kurushia, siyo ya ulinzi

Hapa ndipo pesa nyingi za makanisa hupotea. Dukani ukisema "nataka PTZ", unaweza kuletewa ile ya mviringo ya kulindia maghala. Nayo inageuka, nayo ina zumu, na bei yake inapendeza. Ila imeundwa kurekodi mwizi, siyo mahubiri. Mwendo wake ni wa kushtukashtuka, picha inachelewa njiani, na huoni matundu ya kutolea picha ya HDMI wala SDI mgongoni, ni tundu la mtandao tu.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji liwe: nyuma ina matundu gani? La pili: inakubali amri za VISCA? Hiyo ni lugha ya kuongozea kamera iliyoanzishwa na Sony, na leo karibu kila PTZ ya kurushia inaielewa, iwe ya kampuni kubwa au ya bei nafuu kutoka China. Kamera inayoongea VISCA itaendeshwa na jostiki ya kampuni nyingine, na programu za kurushia kama vMix, au OBS ikiongezewa programu-jalizi, nazo zitaielewa. Isiyoongea itawafunga kwa rimoti yake milele.

Hatua ya 3: Tazama mwanga wa kanisa lenu

Nenda kanisani saa ya ibada ya kwanza na uende tena jioni. Kuna dirisha kubwa nyuma ya madhabahu? Kama lipo, mhubiri atakuwa kivuli cheusi hata ukinunua kamera ya bei mbaya. Pazia zito, pamoja na taa mbili za kumulika kutoka mbele kwa pembe, vitakusaidia kuliko kupanda daraja la kamera. Nikipewa bajeti finyu, hutoa pesa kwenye kamera nikaitia kwenye taa, na sijawahi kujutia.

Kama kanisa ni giza na taa haziongezeki, basi tafuta kihisi kikubwa zaidi, cha inchi 1/1.8 au hata inchi 1. Bei itaruka, na ukumbuke kwamba kihisi kikibadilika zile hesabu za hatua ya kwanza nazo zinabadilika, kwa hiyo muulize muuzaji nyuzi za mwono kwa zumu ya mwisho.

Jambo moja linalosumbua sana huku kwetu: umeme wa Afrika Mashariki ni wa Hz 50, na kamera nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa kwa Hz 60. Matokeo yake ni mistari au picha inayopepesa chini ya taa za tyubu na baadhi ya LED. Hakikisha kamera ina mpangilio wa Hz 50, kisha iweke 1080p50 au 1080p25, na kasi ya shata 1/50 au 1/100 ya sekunde. Kwenye kamera nyingine mpangilio huo hauko kwenye menyu, ni kitufe kidogo cha kuzungusha kwa bisibisi chini au mgongoni. Kizungushe kabla hujaipandisha ukutani.

Hatua ya 4: Amua picha itapita wapi

Hii ndiyo hatua inayoamua mfano gani ununue, maana kamera hiyohiyo huuzwa kwa matoleo tofauti ya matundu.

USB ni rahisi: unachomeka kwenye laptopu na picha inatokea. Ila kebo ya kawaida ya USB 3 haipendi kuzidi mita 3, kwa hiyo inafaa kikanisa kidogo au chumba cha maombi.

HDMI inaingia moja kwa moja kwenye mikisa ndogo za video kama ATEM Mini, yenye matundu manne. Mpaka mita 10 haina shida, mita 15 ukiwa na kebo nzuri. Zaidi ya hapo picha huanza kumeta au kupotea kabisa katikati ya sala ya toba. Zipo kebo za HDMI zenye nyuzi za fiba ndani zinazofika mbali, lakini zina upande wa kutokea na upande wa kuingilia. Ukiipitisha ndani ya bomba kinyume, utaivuta tena. Isitoshe kichwa cha HDMI hakina kufuli, na mtoto mmoja akikanyaga kebo, ibada imekatika.

SDI ndiyo chaguo langu kwa kanisa ambalo meza ya mitambo iko mbali. Kebo ya RG6 (aina ile ya madishi ya TV) yenye shaba nzuri hubeba 1080p mita 60 au 70 bila wasiwasi, na kichwa chake kinazungushwa kikajifunga. Kama mikisa yenu ni ya HDMI, ongeza kigeuzi kimoja kwa kila kamera, na gharama hiyo iandikwe kwenye bajeti mapema.

Njia ya nne ni mtandao, kwa mifumo ya kupitisha video kama NDI, SRT au RTSP. Kebo moja inabeba picha, amri na umeme, na kikomo chake ni mita 100. NDI kamili inakula zaidi ya Mbps 100 kwa kamera moja ya HD, kwa hiyo lazima swichi, kile kisanduku cha kuunganishia kebo za mtandao, iwe ya gigabiti. NDI HX, ambayo picha yake imebanwa, inakula pungufu sana ya hapo, lakini picha inachelewa kidogo na kompyuta inatakiwa iwe na nguvu ya kuifungua. Usichanganye mtandao huu na Wi-Fi ya ofisi ya parokia.

Kama mtapitisha kebo ya mtandao, ikague. Kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukibaki mwekundu hadi ndani, ni shaba. Ukitoa weupe wa fedha, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Hiyo hupoteza umeme njiani na kamera itazimika yenyewe pale mota zote mbili zinapofanya kazi. Mabunda mengi ya kebo za bei ya kutupa ni ya aina hii.

Hatua ya 5: Umeme

Tafuta kamera inayokubali PoE, umeme kupitia kebo ya mtandao. PoE ya kawaida hutoa hadi wati 15.4 kwa tundu, na PoE+ hadi wati 30. Soma kamera yenu inataka ipi, kisha jumlisha wati za kamera zote na uone kama swichi inazibeba kwa pamoja. Faida kubwa ni kwamba UPS (betri ya akiba) moja mezani inalinda swichi na kamera zote. Hakuna haja ya soketi juu ya nguzo.

Umeme ukikatika na kurudi, kamera nyingi hujizungusha zenyewe kujipima, kisha hukaa kwenye nafasi ya mwanzo, mara nyingi priseti (nafasi iliyohifadhiwa) namba 0. Basi hifadhi hapo picha pana ya kanisa zima. Ikijiwasha katikati ya ibada, mtazamaji ataona picha ya heshima, siyo dari.

Hatua ya 6: Nani ataendesha?

Kwa vijana wanaopokezana kila Jumapili, priseti ni muhimu kuliko jostiki. Hifadhi nane au kumi: mimbari, meza ya Bwana, kwaya nzima, mwimbishaji, kinanda, lango la maandamano, na kadhalika, kisha bandika orodha mezani. Kamera mbili zinafanya kazi hii vizuri zaidi ya moja, kwa sababu moja inageuka wakati nyingine iko hewani. Kama pesa ya mbili haipo sasa, nunueni moja nzuri na mwache nafasi ya kamera ya pili kwenye mikisa.

Ufuatiliaji wa otomatiki unauzwa kwa sifa nyingi. Unafaa kwa mwalimu aliyesimama peke yake jukwaani. Kwenye kanisa ambalo mhubiri anashuka kwa watu, mashemasi wanapita na vikapu vya sadaka na kwaya inaingia kwa kucheza, kamera itamwacha mchungaji na kumfuata shemasi. Isiwe sababu ya kuongeza bei.

Zungumzeni pia na wazee wa kanisa mapema kuhusu yale ambayo kamera haitayavuta: uso wa anayeombewa, watoto, mfiwa anayelia. Zumu ya 20x inaona mengi kuliko mwenyewe anavyodhani.

Hatua ya 7: Mahali pa kufunga

Urefu mzuri ni juu kidogo ya vichwa vya waliosimama, kama mita 2.5 hadi 3. Ukiipandisha sana utakuwa unapiga picha za utosi. Ukuta wa matofali au nguzo ya zege, mbali na spika kubwa. Ikifungwa ikining'inia darini, washa kwenye menyu chaguo la kugeuza picha, na hakikisha limegeuza pia mwelekeo wa amri, la sivyo kijana akibonyeza kushoto kamera itakwenda kulia.

Hatua ya 8: Ijaribu kanisani kabla ya kulipa yote

Mwombe muuzaji ailete, hata kwa malipo ya siku moja. Simama mimbarini, mwenzako avute zumu mpaka mwisho, kisha tembea hatua tatu. Je, fokasi inakufuata au inahangaika mbele na nyuma? Mwambie aigeuze taratibu kabisa, kwa mwendo wa mtu anayetembea kwenye maandamano: kamera dhaifu huenda kwa kurukaruka kwenye mwendo mdogo. Mwambie aite priseti ya mimbari, aiondoe, airudishe mara kadhaa. Isiporudi palepale, priseti zenu hazitakuwa na maana. Sikiliza na mota wakati wa ukimya, hasa kama kamera itakaa karibu na viti.

Mwisho unganisha sauti kutoka kwenye mikisa ya sauti, siyo kwenye kamera, na mtu mmoja apige kofi mbele ya lenzi. Rekodi, kisha tazama. Kama kofi linasikika kabla ya mikono kugusana, picha inachelewa, jambo la kawaida kwa njia ya mtandao. Kwenye OBS fungua sifa za juu za sauti, ongeza ucheleweshaji kwa milisekunde 50, rekodi tena, na uendelee hivyo mpaka kofi na mikono vikutane. Namba utakayoipata iandike kwenye ile orodha ya priseti iliyobandikwa mezani, maana atakayekaa hapo Jumapili ijayo huenda si wewe.