Trekta lako la nyasi likizima, usisaini kitu

Ndugu yangu uliye Marekani, kama una trekta la umeme la kukatia nyasi, soma hili kabla hujaenda kwa fundi. Langu ni Elec-Trak kuukuu, zile ambazo General Electric walianza kuziuza 1969: betri sita za volti 6, jumla volti 36, na visu vina mota zake. Mota moja ilizima katikati ya uwanja. Nikaitoa kwenye trekta, nikaipeleka gereji moja hapa Ohio, nikapewa karatasi, nikasaini.

Karatasi hiyo ndiyo iliyoniumiza. Ilisema nalipa dola 120 za uchunguzi, mota ipone isipone. Jibu likaja: imekufa, tafuta nyingine. Nikalipa. Usiku nikaifumua juu ya meza ya jikoni, nikakuta kaboni moja, kile kipande cha makaa kinachopeleka umeme kwenye rota, yaani sehemu inayozunguka, imenasa kwenye ala yake, imegandwa na vumbi jeusi la nyasi, haifiki kwenye shaba ya rota. Nilipoisafisha ikateleza, mota ikazunguka.

Kwetu Gerezani, Dar es Salaam, fundi angeifumua mbele ya macho yako, na ikibidi angezisuka upya nyaya zake. Huku saa ya fundi ni ghali, kwa hiyo wanaona nafuu kubadilisha kuliko kufungua. Kitu kizima kinatupwa kwa sababu ya kipande cha makaa, na hilo mimi sijalizoea mpaka leo. Basi uliza kwanza: mtaifungua au mtaipima tu? Bei ya mwisho ni ngapi? Wasipojibu, usisaini. Narudia, usisaini.

Kazi yenyewe unaiweza. Vua pete na saa, chomoa betri. Volti 36 hazitishi, lakini spana ikigusa ncha zote mbili inaiva nyekundu. Weka alama kwenye ganda ili lirudi lilivyokuwa. Usigonge kwa nyundo, sumaku za ndani hupasuka. Shaba isugue kwa msasa laini wa mbao, kamwe usitumie ule wa chuma, maana chembe zake hupitisha umeme. Beringi ikiwa na mchezo, yaani imelegea, namba yake imeandikwa ubavuni. Nunua kama hiyo. Kwa trekta jipya lenye mota isiyo na kaboni, anza na nyaya, viunganishi na kidhibiti chake.

Na nyinyi wageni wetu, tunawapenda, lakini msituoshee trekta. Shemeji yangu alikuja kututembelea, akalipiga maji ya presha kama anaosha daladala. Alitaka kusaidia. Ila mota za visu husimama wima, maji huingia kwa juu na kukaa kwenye beringi. Wiki ya tatu ikaanza kulia. Nyasi zikafika magotini, na halmashauri ya mji ikaniandikia barua kwa sababu ya nyasi! Tangu hapo nalisafisha kwa brashi kavu, kila nikimaliza kukata, kabla sijalichaji.