Skripti mbili za mwaloni: kutuma mafaili ya mizani na kuuliza upepo wa ziwa

Tuchukulie mizani iko mwaloni (ufukweni samaki wanaposhushwa) Nansio, Ukerewe, na hesabu zinafungwa Mwanza mjini. Karani anaandika uzito wa sangara na dagaa kwenye faili moja la CSV (jedwali la maandishi matupu) kwa kila siku, mfano `uzani-2025-03-14.csv`, na jioni mtu analirusha kwa WhatsApp. Utaratibu huo unakwenda vizuri mpaka siku faili la juzi linapotumwa mara mbili na la jana halitumwi kabisa. Skripti (faili la amri) ya rsync, programu ya kunakili mafaili kupitia mtandao, inamaliza tatizo hilo. Ya pili, ya curl, programu ya kuomba data mtandaoni, inauliza utabiri wa upepo kabla mitumbwi ya dagaa haijatoka.

Mtandao wa visiwani hukatika katikati ya kazi, umeme nao vilevile. Kwa hiyo skripti nzuri huku ni ile inayoweza kufa njiani, ikaanzishwa tena, na isiharibu kitu. Karibu kila chaguo utakaloona hapa chini limewekwa kwa sababu hiyo.

Maandalizi

Kompyuta ya mwaloni iwe na Linux. Kwenye Ubuntu au Debian:

```
sudo apt install rsync curl jq openssh-client
```

Windows 10 na 11 zina curl na ssh (njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali), ila rsync hazina. Huko itabidi utumie WSL, yaani Linux inayoendeshwa ndani ya Windows.

Upande wa kupokea ndio unaowasumbua wengi. Kompyuta ya ofisini Mwanza inayopata intaneti kwa laini ya simu kwa kawaida haina anwani ya hadharani, kwa hiyo Nansio haitaweza kuifikia hata ufanyeje. Kodi seva ndogo yenye anwani yake. Mwalo utume huko, na ofisi ichukue huko.

Tengeneza ufunguo usio na nywila, kwa sababu usiku hakuna mtu wa kuiandika:

```
ssh-keygen -t ed25519 -N "" -f ~/.ssh/mizani
ssh-copy-id -i ~/.ssh/mizani.pub mizani@seva.mfano
ssh -i ~/.ssh/mizani mizani@seva.mfano
```

Amri ya pili itauliza kama unaiamini seva hiyo: jibu ndiyo, maana skripti haiwezi kujibu. Amri ya tatu usiiruke: inahakikisha ufunguo unakubaliwa bila nywila. Akaunti ya `mizani` kwenye seva isiwe na ruhusa za usimamizi, maana kompyuta ya mwaloni ikiibwa, ufunguo umeondoka nayo. Siku hiyo utaufuta mstari wake kwenye `authorized_keys` ya seva na kutengeneza mwingine.

Skripti ya kutuma

```
#!/bin/bash
set -u
CHANZO="$HOME/mizani/"
MWISHO="mizani@seva.mfano:/data/nansio/"
LOGI="$HOME/tuma.log"

exec 9>"$HOME/.tuma.kufuli"
flock -n 9 || exit 0

for jaribio in 1 2 3 4 5; do
  rsync -az --partial-dir=.vipande --timeout=60 \
    --exclude='.~lock*' \
    -e "ssh -i $HOME/.ssh/mizani -o BatchMode=yes -o ConnectTimeout=20" \
    "$CHANZO" "$MWISHO" >>"$LOGI" 2>&1
  jibu=$?
  if [ "$jibu" -eq 0 ]; then
    echo "$(date '+%F %T') imefika" >>"$LOGI"
    exit 0
  fi
  echo "$(date '+%F %T') jaribio $jaribio, kosa $jibu" >>"$LOGI"
  sleep $((jaribio * 60))
done
exit 1
```

Ihifadhi kama `tuma.sh`, kisha `chmod +x tuma.sh`.

`flock` ni kufuli. Mtandao ukiwa mzito, zamu ya saa nne inaweza kuwa bado inatuma wakati ya saa sita inaanza. Bila kufuli zote mbili zitagombea bando lilelile. `--partial-dir` inahifadhi kipande kilichofika, ili jaribio linalofuata liendelee kutoka pale badala ya kuanza upya. `--timeout=60` ni ya lazima: laini ya simu mara nyingi haikatiki kwa kishindo, inanyamaza tu, na bila kikomo rsync inaweza kungoja bila mwisho. `--exclude` inaacha mafaili ya kufuli ambayo LibreOffice huyaunda karani akiwa amefungua jedwali.

Muda wa kusubiri unaongezeka kila jaribio: dakika moja, mbili, tatu. Kujaribu mfululizo bila kupumzika mnara ukiwa umezimika hakusaidii.

Angalia mkwaju (`/`) mwishoni mwa `CHANZO`. Ukiwepo, rsync inatuma vilivyomo ndani ya folda. Ukiusahau, inatuma folda yenyewe, na kwenye seva utakuta `/data/nansio/mizani/` huku ofisi ikilalamika kwamba hakuna kilichofika. Na usiongeze `--delete`, hata ukiisoma kwenye mifano ya watu. Chaguo hilo hufuta kwenye seva kila kisichokuwepo kwenye chanzo. Karani akisafisha kompyuta yake, kumbukumbu za mwaka mzima zitafutika kwenye seva.

Kabla ya kuiamini, endesha amri ya rsync kwa mkono ukiongeza `-n --itemize-changes`: itaonyesha ingefanya nini bila kutuma chochote. Kisha weka faili kubwa, anza kutuma kweli, na chomoa modemu katikati. Ukiirudisha, kazi iendelee yenyewe. Jaribio hili watu hulikwepa, na ndilo lenye maana kuliko mengine yote.

Namba za makosa utakazoziona kwenye logi ni chache. 255 ni ssh kushindwa: seva haifikiki, ufunguo umekataliwa, au mtandao umekatika katikati. 30 ni muda kwisha. 12 ni mazungumzo kuvunjika, na angalia pia kama diski ya seva haijajaa. 23 inamaanisha baadhi ya mafaili hayakwenda, mara nyingi kwa sababu ya ruhusa.

Skripti ya upepo

Open-Meteo inatoa utabiri bila kuomba ufunguo, kwa matumizi yasiyo ya kibiashara na chini ya maombi 10,000 kwa siku. Kampuni ya samaki inatakiwa kulipia.

```
#!/bin/bash
set -euo pipefail
MUDA=$(mktemp)
trap 'rm -f "$MUDA"' EXIT

curl -fsS --connect-timeout 15 --max-time 60 --retry 4 \
  -G https://api.open-meteo.com/v1/forecast \
  -d latitude=-2.1 -d longitude=33.05 \
  -d daily=wind_speed_10m_max,wind_gusts_10m_max \
  -d wind_speed_unit=kn -d forecast_days=3 \
  --data-urlencode timezone=Africa/Dar_es_Salaam \
  -o "$MUDA"

jq -er '.daily | [.time, .wind_speed_10m_max, .wind_gusts_10m_max]
  | transpose | .[] | @tsv' "$MUDA"
```

Ihifadhi kama `upepo.sh`, nayo uipe `chmod +x`. Inatoa mistari mitatu: tarehe, kasi ya juu ya upepo, na kasi ya juu ya dhoruba fupi, kasi zote kwa noti (maili za baharini kwa saa).

`-G` pamoja na `-d` inakuunganishia anwani. Ukiandika anwani nzima mwenyewe, ifunge kwa alama za nukuu; bila hizo, `&` ya kwanza inaipeleka amri nyuma ya pazia na vigezo vinavyofuata vinapotea. `-f` nayo isikosekane, kwani bila hiyo seva ikijibu 500 curl itaona imemaliza kazi salama.

Kuhusu namba za mahali (latitudo na longitudo): Nansio iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo latitudo ina alama ya kutoa. Ukiisahau utaletewa upepo wa upande wa Lira, Uganda, na namba zitaonekana za kawaida kabisa. Ukibadilishana latitudo na longitudo utakuwa Moroko. Ukiacha `timezone`, siku inahesabiwa kwa saa za Greenwich, yaani inaanza saa tisa usiku wetu.

Makosa ya curl: 6 ni jina la seva kutopatikana, dalili ya kawaida ya kukosa intaneti, 28 ni muda kwisha, 22 ni seva kukataa ombi. 60 ni cheti kukataliwa, na mara nyingi kosa ni la saa ya kompyuta yako. Kompyuta ndogo za Raspberry Pi 4 na za kabla yake hazina betri ya saa. Umeme ukirudi kabla ya mtandao, kifaa kinaamka na tarehe ya zamani na vyeti vinaonekana batili. Andika `date` kwanza, na usishawishike kuweka `-k` ili kosa linyamaze.

Namba hizi ni za kompyuta za mbali zinazokadiria eneo pana. Dhoruba ya ghafla inayozaliwa ziwani zinaweza zisiione. Tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikisema msitoke, skripti haina kura.

Kuzipanga kwenye cron

Cron ni programu ya Linux inayoendesha amri kwa ratiba. Kwa `crontab -e`:

```
20 6-20/2 * * * $HOME/tuma.sh
0 15 * * * $HOME/upepo.sh > $HOME/upepo.txt 2>> $HOME/upepo.log
```

Cron haijui saa zetu. 15 ni saa tisa alasiri, na 6-20/2 ni kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, kila baada ya saa mbili. Hakikisha pia `timedatectl` inaonyesha Africa/Dar_es_Salaam. Alama `%` ndani ya crontab hugeuzwa kuwa mstari mpya, kwa hiyo amri za `date` ziache ndani ya skripti. Kama faili liliandikwa kwa Notepad na unaona `bad interpreter: /bin/bash^M`, lisafishe kwa `sed -i 's/\r$//' tuma.sh`. Na upepo ukishindikana, `upepo.txt` itabaki tupu. Karatasi tupu ubaoni ni afadhali kuliko utabiri wa jana.

Kompyuta ya mwaloni ikizimika kabisa haitalalamika, kwa hiyo ukaguzi uwe kwenye seva, kila siku saa tatu usiku:

```
find /data/nansio -name 'uzani-*.csv' -mmin -1440 | grep -q . \
  || echo "Nansio kimya tangu jana"
```

Kwa kuwa `-a` inahifadhi tarehe ya faili kama ilivyo kwenye chanzo, amri hii inapima lini karani aliandika mara ya mwisho, si lini faili lilifika. Siku za mbalamwezi, dagaa hawavuliwi na kama sangara nao hawajaletwa, ujumbe huo utatoka bila kosa la mtu. Mwambie karani afungue faili la siku na aandike sifuri.