Jinsi ya kuandika kipengele cha ukaguzi wa usalama wa ndege

Wengi hapa Entebbe mnaniuliza hizi standadi za ukaguzi zinaandikwaje, haya. Anza na Aneksi 6 (ile ya uendeshaji wa ndege) ya ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, ndo msingi, halafu soma IOSA, ukaguzi wa usalama wa mashirika ya ndege wa IATA, chama chao cha dunia, ile iliyoanza 2003, ina sehemu 8 kuanzia uongozi, marubani, mafundi mpaka mizigo. Kipengele kimoja kibebe jambo moja tu, ukichanganya mawili, moja lipo lingine halipo, mkaguzi ataandika nini? Na "lazima" ni amri, "inafaa" ni ushauri, usiyachanganye.

Sasa utamu uko hapa: usiulize tu kama imeandikwa kwenye manuali, uliza kama inafanyika. Chukua spana ya kupimia nguvu ya kukaza nati, manuali inasema ipelekwe kupimwa upya kila baada ya muda fulani, sawa, ila wewe nenda hanga, banda la kutengenezea ndege, fungua droo, soma stika yenyewe, tarehe ikishapita ni kasoro hata kama faili linang'aa. Mi nishakuta stika imefutika kwa grisi, fundi anacheka, "ssebo (yaani bwana), hii bado nzima!"

Ukimaliza wape wakaguzi wawili kipengele chako, kila mtu akijaribu bila kuongea na mwenzake, majibu yakigongana andika upya.