Kupanga stoo ya kemikali: usifuate alfabeti

Wiki iliyopita nilishinda siku mbili katika labo ya shule moja hapa Lubumbashi, upande wa Kampemba, nikimsaidia kijana aliyekabidhiwa funguo za stoo. Tulifanya hivi.

1. Fungua madirisha, vaa glavu na miwani, toa chupa zote. Andika kwenye daftari jina, kiasi na tarehe. Isiyo na etiketi iweke kando, usiinuse, usiimwage.

2. Tenganisha kwa tabia. Etiketi zetu ni za Kifaransa, na hatari nyingi zinaangukia herufi A: acétone, acide acétique, acide chlorhydrique, acide nitrique, ammoniaque. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilizikuta zimepangwa hivyo, rafu moja, nami nikaziacha. Shingo za chupa zikaota unga mweupe. Nikadhani vumbi la kiangazi, nikafuta. Kesho yake umerudi. Nikafuta tena, asubuhi baada ya asubuhi, mpaka siku nilipofungua amoniaki karibu na asidi hidrokloriki, moshi mweupe ukatanda katikati ya chupa mbili. Mivuke ilikuwa inakutana hewani na kugeuka chumvi. Kumbe kifuniko, hata ukikikaza, bado kinavuja kidogo.

Na huo ni ujirani mwepesi. Asidi nitriki huchochea moto. Asidi asetiki nayo inawaka. Ikifika nyuzi 39 mvuke wake hushika moto. Zote mbili zimeandikwa "acide", lakini zisikae pamoja hata siku moja. Asetiki iende kwa asetoni na alkoholi. Nitriki ikae peke yake. Sulfuriki na hidrokloriki zinaweza kushiriki kabati, kila moja katika beseni lake. Amoniaki na soda kostiki, kabati jingine. Javeli, yaani dawa ya klorini ya kusafishia sakafu, usiihesabu kuwa kitu cha nyumbani tu: ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, na mara nyingi naikuta chini ya sinki, ubavuni mwa asidi.

Una kabati moja tu? Basi beseni ndizo ukuta wako. Chukua za plastiki ngumu, si za aluminiamu, zenye nafasi ya kubeba chupa kubwa yote ikipasuka na bado pabaki pa ziada. Mimi napenda rafu za mbao kuliko za chuma. Mvuke wa hidrokloriki hula chuma.

3. Nzito chini. Lita moja ya asidi sulfuriki kali ina kilo 1.84, tena chupa huteleza mkononi mwenye glavu.

4. Asetoni isiingie friji ya nyumbani. Mvuke wake hushika moto hata kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na kila umeme unaporudi friji inaweza kutoa cheche ndani.

5. Etiketi andika kwa penseli, kisha funika kwa skochi, ule utepe wa kunata unaopitisha mwanga. Asetoni hufuta wino.

Tulibaki na chupa tatu zisizo na jina. Ziko katika beseni lao, zimeandikwa "haijulikani" na tarehe, na kijana amekwisha kumpa mkuu wa shule barua ya kuomba mtu wa kuzipima.