Somo: Kupendeza ukishavuka hamsini, anza na futi kamba

Nimeshona nguo za wanawake kwa miaka 31, na mwenyewe sasa nimetimiza 64, kwa hiyo haya nayasema nikiwa nimekaa pande zote mbili za cherehani. Mteja niliyempokea mara nyingi kuliko wote ni mama anayekuja na gauni la miaka kumi iliyopita. Linambana kwapani, linampwaya makalioni. "Nimenenepa, niachie kidogo." Nikimwuliza uzito, mara nyingi ni ule ule wa zamani. Hakunenepa. Nyama zimehama makazi, na yeye bado anauvalisha mwili wa kwanza.

Kwa hiyo kabla ya rangi na mitindo, na kabla ya kubishana kama mwanamke wa umri wetu avae hiki au kile, shika futi kamba.

Hatua ya 1: Jipime upya, kila mahali

Kiuno peke yake hakitoshi. Pima bega hadi bega, kifua, chini ya matiti, kiuno, tumbo pale lilipojitokeza zaidi, nyonga, mkono wa juu, kisha urefu kutoka bega hadi kiunoni, mbele na nyuma. Ya nyuma mwombe mtu akusaidie. Na usivute tumbo ndani: futi kamba haina mdomo, haitamwambia mtu.

Kwa nini kila mahali? Hedhi hukoma kwa wengi kati ya miaka 45 na 55. Homoni ya estrojeni ikishuka, mafuta yaliyokuwa yakikaa mapajani na kwenye nyonga hupenda kuhamia tumboni. Uti wa mgongo nao unafupika, maana vile visahani laini vilivyo katikati ya pingili hukonda. Ukishapita 40 unaweza kupoteza sentimita moja hivi kila miaka kumi. Mgongo wa juu ukianza kuinama, pindo la nyuma linapanda na la mbele linashuka. Watu hulalamika kwamba gauni limeshonwa vibaya, na mimi nimelaumiwa hivyo si mara moja. Mwambie fundi aongeze urefu wa mgongoni, basi, pindo litarudi sawa.

Miguu pia. Kano hulegea, upinde wa unyayo unashuka, mguu unapanuka na hata kurefuka. Wengi tunanunua namba ya viatu tuliyovaa tukiwa wasichana, halafu tunasema viatu vya siku hizi ni vibovu. Pima jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo baada ya shughuli za siku. Pima yote miwili, ununue kwa ule mkubwa.

Na sidiria, jamani. Kinachobeba uzito ni mkanda unaozunguka kiwiliwili. Kamba za mabegani ni wasaidizi tu. Zikikuchimba mabega ujue mkanda umelegea na wasaidizi wamebebeshwa kazi ya mwenye nyumba. Nimewahi kumwambia mteja aende kwanza akabadilishe sidiria, akarudi, tukakuta gauni halihitaji hata sindano. Nilikosa pesa siku hiyo.

Hatua ya 2: Kabati

Hapa sitakaa sana. Toa nguo zote, jaribu moja moja mbele ya kioo kirefu. Zinazokuenea leo zirudi ndani. Zinazorekebishika ziende kwa fundi. Zilizobaki ni za mtu mwingine: yule uliyekuwa, au yule unayepanga kuwa ukikonda. Mpe anayezihitaji.

Siri ya fundi: kupunguza ni kazi nyepesi, kuachia kunategemea kitambaa kilichobaki ndani ya mshono. Igeuze nguo uangalie. Ukikuta kimebaki kidogo kama upana wa kucha, hakuna cha kuachia, usimsumbue mtu. Na nguo isiyokaa vizuri mabegani iache hata kama umeipenda, kwa sababu kurekebisha bega ni karibu sawa na kushona upya.

Hatua ya 3: Mvi, amua mwenyewe

Unywele unakuwa mweupe pale chembe zinazotengeneza rangi kwenye shina lake zinapoacha kazi. Hakuna ugonjwa hapo wala aibu. Lakini sitakuambia kwamba ni lazima uziache, maana naona siku hizi hata kuacha mvi kumegeuzwa amri. Wapo wanaopendeza na mvi, wapo wanaopendeza na rangi, na wapo kama mimi ambao mwili uliwaamulia.

Nilipaka rangi nyeusi kwa karibu miaka 20 bila tatizo. Siku mbili kabla ya arusi ya mpwa wangu nikapaka kama kawaida, asubuhi nikaamka kope zimevimba, siwezi kufungua macho, kichwa chote kinawasha. Nilikwenda arusini na miwani ya jua. Daktari alinieleza kwamba rangi nyingi nyeusi za kudumu zina kemikali iitwayo kwa kifupi PPD, na mwili unaweza kuizoea miaka na miaka halafu siku moja ukaikataa. Tangu siku hiyo sijapaka.

Ukiendelea kupaka, jaribu tone dogo nyuma ya sikio saa 48 kabla, kila mara, hata kwa rangi uliyoizoea. Ukiamua kuacha, fahamu hesabu: nywele hukua kama sentimita moja na robo kwa mwezi, sawa na sentimita 15 kwa mwaka. Mwenye nywele za mabegani atasubiri kama miaka miwili. Katikati kutakuwa na mstari, nusu nyeupe nusu nyeusi, na ndipo wengi wanaposhindwa. Ama kata fupi umalize, ama funga mtandio mpaka zifike. Mvi aghalabu ni kavu zaidi, zinataka mafuta. Na zikigeuka manjano kwa jua, moshi au madini ya maji, tumia mara mojamoja shampuu ya zambarau, kwani zambarau huua manjano.

Hatua ya 4: Rangi zilizo karibu na uso

Nywele zikishabadilika, na uso umebadilika. Kaa dirishani mchana, bila vipodozi, weka kitambaa kimoja kimoja chini ya kidevu. Tazama macho na mashavu, usitazame kitambaa. Kuna rangi itakayokuamsha na nyingine itakayokuonyesha kama umetoka homani. Nyeusi uliyovaa ukiwa na nywele nyeusi inaweza sasa kukutia kivuli chini ya macho. Usiitupe, ivae chini, juu weka shali ya rangi inayokupenda. Huo udongo na kijivu tunaosukumiwa eti ni rangi za watu wazima, uvae kama umekuamsha dirishani. La sivyo, hapana.

Hatua ya 5: Alama yako

Iris Apfel, mpambaji wa nyumba wa New York aliyejulikana kwa mavazi yake ya kipekee, alizaliwa 1921. Mwaka 2005, akiwa na miaka 84, jumba la makumbusho la Metropolitan lilifanya maonyesho ya nguo na mapambo yake, na mwaka 2019, akiwa na 97, kampuni ya IMG ikamsajili kama mwanamitindo. Alifariki 2024 akiwa na miaka 102. Ng'ombe hazeeki maini! Sikwambii umwige, bangili zake alizojaza hadi kwenye kiwiko zingenitia wazimu kwenye cherehani. Ninachokipenda kwake ni miwani. Kuanzia miaka ya 40 lenzi ya jicho hukakamaa na karibu sote tunahitaji miwani ya kusomea. Sisi tunaificha mkobani, yeye aliinunua kubwa kuliko zote. Yangu mimi ni fremu nyekundu. Yako inaweza kuwa pete, kilemba au manukato, mradi uichague wewe.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mama fundi. Mikono yangu ya juu imelegea na binti yangu amenikataza nguo zisizo na mikono. Nifanyeje?

Marahaba. Ukitaka kuifunika, chagua mkono unaoishia chini kidogo ya kiwiko. Epuka unaokatia katikati ya mkono wa juu, kwa sababu jicho hufuata mstari wa pindo na kusimama hapo hapo usipopataka. Kama hujali, vaa. Binti hakuombwa ushauri.

Dada yangu, nina 52, joto linanipanda ghafla hata kazini, jasho linachora mgongo mzima.

Pole shoga, nalijua hilo joto. Vaa tabaka mbili nyepesi badala ya moja nzito: ndani blauzi ya pamba au kitani isiyo na mikono, juu kijikoti kisichofungwa vifungo. Poliesta iachie misimu mingine ya maisha. Vitambaa vyenye maua madogomadogo huficha jasho kuliko vya rangi moja, hasa kijivu, ambacho hakina siri.

Mume wangu anasema mvi zinanizeesha, nipake rangi.

Na yeye zake anapaka nini?

Nina madoa meusi mashavuni, jirani amenipa krimu aliyochanganya mwenyewe, anasema inang'arisha ndani ya wiki.

Usiipake, mpenzi. Michanganyiko ya namna hiyo mara nyingi imekutwa na zebaki, inayodhuru figo, au steroidi kali, inayokondesha ngozi. Na ngozi yetu ilikwisha anza kukonda yenyewe: katika miaka mitano ya kwanza baada ya hedhi kukoma inaweza kupoteza hata asilimia 30 ya kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara. Paka kinga ya jua yenye SPF 30 (hicho ni kipimo cha nguvu yake) kila asubuhi, inayozuia karibu asilimia 97 ya miale ya UVB, ile miale ya jua inayounguza ngozi. Doa linalobadilika ukubwa, rangi au umbo mwonyeshe daktari wa ngozi, si jirani.

Siwezi kuacha visigino virefu, bila hivyo najiona nimepungua.

Basi punguza, usiache. Kisigino kirefu kinasukuma uzito mwingi mbele ya mguu, kuelekea vidoleni. Tafuta kipana, sentimita 4 au pungufu, soli isiyoteleza, na kamba ya kushika kifundo. Utaona unatembea na mgongo wima, na huo ndio urefu uliokuwa ukiutafuta.

Shikamoo. Mimi nina 37, nauliza kwa ajili ya mama. Tangu baba afariki hajipambi tena, kila siku anavaa sweta ya baba. Nimnunulie nguo gani?

Marahaba mwanangu, poleni. Usimnunulie chochote kwa sasa, wala usimnyang'anye sweta hiyo. Siku ukienda kuchagua nguo zako mwenyewe, mwombe akusindikize, umwulize ipi imekukaa. Mtu akishaanza kutazama nguo ya mwenziwe, macho yanafunguka. Kwa leo mwombe ruhusa umpunguzie mikono ya sweta, asiwe anaikunja kila akiosha vyombo.

Asante mama. Nipunguze kiasi gani?

Usikisie. Mpime kutoka ncha ya bega hadi kifundo cha mkono, kiwiko kikiwa kimekunjwa kidogo. Na hicho unachokikata, mrudishie.