Kutafiti ubunifu wa kidijitali katika taasisi: mwongozo kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu

Andiko la utafiti wa ubunifu wa kidijitali mara nyingi hukwama tangu ukurasa wa kwanza. Mwanafunzi anaandika, “Kuchunguza mchango wa teknolojia ya kidijitali katika utendaji wa taasisi,” na msimamizi analirudisha limejaa alama za kuuliza. Teknolojia ipi? Utendaji wa nani? Kuanzia lini hadi lini?

Swali linalotafitika lina mambo matatu ndani yake: kifaa au programu ambayo kazi yake inajulikana, kazi ya watu iliyobadilika, na kipindi. Linganisha lile la juu na hili: “Tangu hospitali ilipohamisha foleni ya wagonjwa kutoka kwenye daftari kwenda kwenye mfumo wa kompyuta, uamuzi wa nani aonwe kwanza umehamia kwa nani?” Hapo unajua uende chumba gani, ukae na nani, uombe kumbukumbu zipi.

Lipime swali lako hivi: ondoa jina la teknolojia, weka “utaratibu mpya” mahali pake. Kama halijapungukiwa na chochote, bado hujafika. Wanda Orlikowski na Suzanne Iacono waliligusa donda hili mwaka 2001, baada ya kupitia makala za miaka kumi za jarida moja kubwa la mifumo ya habari. Makala nyingi ziliitaja teknolojia kwa jina tu, bila kuichungulia ndani. Ugonjwa huo haujaisha.

Ifungue teknolojia yenyewe

Youngjin Yoo, Ola Henfridsson na Kalle Lyytinen walipendekeza mwaka 2010 tuitazame bidhaa ya kidijitali kama tabaka nne: kifaa, mtandao, huduma na maudhui. Usiishie kunukuu, chora jedwali. Mistari iwe tabaka hizo nne, na safu ziwe tatu: nani anamiliki, nani ana uwezo wa kubadilisha, na mara ya mwisho ilibadilishwa lini. Saa moja na mhandisi wa mfumo inatosha kulijaza. Kwa kawaida utakuta taasisi unayoitafiti inamiliki tabaka moja au mbili tu, na mabadiliko makubwa yametoka kwa mtu wa nje ambaye hata hukupanga kuzungumza naye. Mwongeze kwenye orodha ya wahojiwa.

Safu ya tatu ndiyo inayosahaulika, nayo ndiyo huharibu data. Programu hubadilika hata baada ya kuzinduliwa. Ukihoji watu watano Januari na watano Machi, huku toleo jipya likiwa limeingia Februari, umekusanya maoni kuhusu vitu viwili tofauti. Kila rekodi ya usaili iandikwe tarehe na namba ya toleo lililokuwa likitumika siku hiyo.

Nadharia na mapitio ya maandiko

Modeli ya Fred Davis ya kukubalika kwa teknolojia, ya mwaka 1989, inajibu kama mtu ataitumia programu kutokana na anavyoona manufaa na urahisi wake. Haijibu kilichoipata taasisi baadaye. Kuitumia kueleza namna idara ilivyojipanga upya ni kutwanga maji kwenye kinu. Vivyo hivyo na makundi ya Everett Rogers ya watu kulingana na walivyowahi au kuchelewa kupokea kitu kipya: zile asilimia 2.5, 13.5, 34, 34 na 16 zinatokana na kuligawa pinda la kawaida (mchoro wa takwimu wenye umbo la kengele) kwa mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha umbali kutoka wastani. Data yako isipoangukia humo, hakuna lililoharibika.

Kwa mapitio, anza na makala tatu za hivi karibuni ambazo zenyewe ni mapitio. Rudi nyuma kupitia marejeo yake, kisha nenda mbele kwa kutafuta walioyanukuu. Tengeneza jedwali lenye dhana kwenye safu na makala kwenye mistari. Aya zako ziandikwe kwa kufuata dhana. Sura inayokwenda “fulani alisema, fulani naye akasema” ni dalili kwamba jedwali halikutengenezwa. Kwa uzamili, makala 40 hadi 60 zilizosomwa kweli zinatosha.

Ruhusa

Anza kuomba ruhusa miezi mitatu kabla ya siku unayotaka kuingia. Unahitaji ruhusa mbili: ya kamati ya maadili ya chuo, na ya taasisi kwa maandishi. Barua ya taasisi itaje idadi ya watu utakaowahoji, muda wa kila mmoja, nyaraka unazohitaji, na haki yako ya kuwasilisha na kuchapisha matokeo. Ukikubaliwa kwa mdomo na mkurugenzi mmoja, jua kwamba akihamishwa, utafiti wako umehama naye.

Msimamizi wako anaweza kukushawishi uchukue taasisi nyingi. Kathleen Eisenhardt aliona mwaka 1989 kwamba kesi (yaani taasisi au mifano halisi inayochunguzwa) 4 hadi 10 hufaa kujenga nadharia kwa kulinganisha, lakini huo ni mzigo wa uzamivu au wa timu. Kwa uzamili, taasisi moja yenye idara mbili hutoa zaidi: idara iliyoupokea mfumo, na iliyouacha au kurudia karatasi kimyakimya. Hiyo ya pili hutaonyeshwa. Iulizie.

Usaili na kumbukumbu za mfumo

Panga usaili 15 hadi 25, wa dakika 45 hadi 60. Saa moja ya sauti hula saa nne hadi sita za kuiandika neno kwa neno, kwa hiyo usaili 20 wa saa moja ni saa 80 hadi 120 za kazi, kabla ya uchambuzi wowote. Wanafunzi wengi huipangia hatua hii wiki moja na kukwama hapo.

Usianze na wakuu. Wao hukueleza mpango ulivyoandikwa. Anayeingiza data hukueleza unavyokwenda. Usiulize “Unauonaje mfumo?” maana utapewa jibu la adabu. Sema, “Nionyeshe ulivyomhudumia mteja wa mwisho,” kisha tazama mkono unaposhika kalamu, unapopiga simu, au unapofungua jedwali la pembeni ambalo mfumo haulijui. Mara nyingi ubunifu halisi uko kwenye jedwali hilo. Watafute pia walioacha kazi katikati ya mradi, kwani waliobaki huusimulia kama ulipangwa vizuri tangu mwanzo.

Kumbukumbu za mfumo ziombe wiki ya kwanza, kwa sababu mifumo mingi huzifuta yenyewe baada ya muda. Omba kitambulisho cha mtumiaji kilichofichwa jina, saa, tendo, na kitu kilichotendewa. Kisha zisafishe kabla ya kuhesabu. Seva nyingi huandika saa za UTC, yaani saa za rejea za dunia, na usipozibadilisha utadhani watu wanafanya kazi usiku. Nakala rudufu zinazojiendesha zitaonekana kama mtumiaji hodari kuliko wote. Na “mtumiaji” anayefanya kazi saa 24 kwa kawaida ni nywila moja inayotumiwa na ofisi nzima, jambo ambalo lenyewe ni tokeo la kuandika.

Ukitumia hojaji, usimwulize mtu yuleyule, siku ileile, kuhusu chanzo na matokeo. Uhusiano utakaoupata unaweza kuwa umetokana na hali yake ya siku hiyo. Kiwango cha matumizi kichukue kwenye kumbukumbu za mfumo, na matokeo uyachukue kwenye rekodi za kazi.

Uchambuzi

Kabla ya kusoma usaili hata mmoja, tengeneza ratiba ya matukio kutokana na nyaraka peke yake: mikataba, mihtasari ya vikao, tarehe za matoleo. Ndipo uweke misimbo, yaani lebo fupi za kile kinachosemwa katika kila kipande cha usaili, kwa maneno ya wahojiwa wenyewe. Dennis Gioia na wenzake waliandika mwaka 2013 kwamba usaili 10 wa kwanza unaweza kuzaa misimbo 50 hadi 100, ambayo baadaye hupunguzwa hadi 25 au 30. Usitishike na wingi huo. Cha kutisha ni kuwa na misimbo minane inayofanana kabisa na vichwa vya sura ya pili, ile ya mapitio ya maandiko: umejikuta unathibitisha ulichosoma.

Kuficha jina la taasisi hakumlindi mhojiwa ikiwa mkuu wa TEHAMA ni mmoja tu. Unganisha vyeo, andika “meneja” badala ya cheo kamili. Mkubaliane kwa maandishi tangu mwanzo kwamba taasisi itapewa rasimu kwa siku 21, isahihishe tarehe, takwimu na siri za biashara. Tafsiri ya data ibaki kwako.