Kuchagua joto na presha ya kutengenezea amonia

Mfuko wa urea unaonunua hapa Tabora msimu wa mahindi umeandikwa 46, yaani asilimia ya naitrojeni. Naitrojeni hiyo ilitoka hewani, ikageuzwa amonia kwanza. Nikiwafundisha kidato cha sita mada hii, tunakwenda hivi. Shika kalamu.

1. Soma mlinganyo

N₂ + 3H₂ ⇌ 2NH₃, ΔH = −92 kJ

Kushoto moli 4 za gesi, kulia 2. Kwenda kulia kunatoa joto. Basi, hayo mawili yanatosha.

2. Presha

Usikimbilie kuandika "kwa mujibu wa Le Chatelier" (kanuni kwamba msawazo ukisumbuliwa huelekea upande unaopunguza usumbufu huo). Piga hesabu kwa Kp, uwiano usiobadilika kwenye msawazo maadamu joto ni lilelile: juu ya mstari presha ya NH₃ kipeo cha 2, chini presha ya N₂ mara presha ya H₂ kipeo cha 3. Chukua mchanganyiko uliokwisha kufikia msawazo, yaani kwenda kulia na kurudi kushoto kuna kasi sawa, uubane mpaka presha ya kila gesi iwe maradufu. Juu ya mstari, amonia inakuwa 2² = mara 4. Chini, naitrojeni mara 2, haidrojeni 2³ = mara 8; zao lake 16. Gawanya 4 kwa 16: uwiano umeshuka hadi robo ya Kp. Ili urudi palepale, amonia haina budi kuongezeka.

Kwa hiyo presha iwe kubwa, ila kiasi gani? Hapo anayeamua ni mhasibu: mitungi ya chuma kinene na kompresa ni ghali, na umeme wake vilevile. Vitabuni utakuta angahewa 200, yaani mara 200 ya presha ya kawaida ya hewa.

3. Joto

Hapa ndipo wengi wanapoteza alama. Kwa angahewa 200, mchanganyiko wa naitrojeni na haidrojeni wa 1:3 ukifikia msawazo kwenye 300°C una amonia takriban asilimia 63. Kwenye 400°C, 36. Kwenye 500°C, 18 hivi. Mwanafunzi akiona hivyo anaandika "joto la chini" na kufunga daftari. Lakini Kp inakuambia utafika wapi, si lini. Kukata kifungo cha N≡N kunadai kJ 945 kwa moli, na kwenye joto la chini utasubiri mpaka uchoke. Ndiyo maana tunachagua 400 hadi 450°C: mavuno pungufu, lakini yanapatikana leo.

4. Kichocheo

Ni chuma kilichotiwa oksaidi za potasiamu na alumini kidogo. Hakigusi Kp, kinaharakisha kwenda na kurudi kwa kiwango kilekile. Ukiandika kwamba kinaongeza amonia kwenye msawazo, nakata alama bila huruma. Kazi yake ni kukuruhusu kushusha joto. Bila chuma hicho, hata 450°C isingekusaidia.

5. Ondoa amonia, rudisha gesi

Kila mzunguko hutoa asilimia 15 hivi tu. Mchanganyiko unapozwa, amonia inakuwa kimiminika, naitrojeni na haidrojeni zinarudishwa kwenye tanuri. Kiwanda cha kampuni ya kemikali ya BASF kule Oppau, Ujerumani, kilianza kuzalisha kwa njia hii mwaka 1913. Gesi ya agoni iliyoingia na hewa haimenyuki na chochote, inazidi kurundikana humo, kwa hiyo sehemu ndogo ya gesi hutolewa nje kila wakati.